Petro Avae Sare Gani

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Kariakoo nzima ilitaka mabango. Kila aliyepata kontena, au hata furushi moja la mitumba, alitaka jina lake juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na mchoraji nilikuwa mimi. Kazi nilikuwa nazo tele. Sikuhitaji ya kanisani.

Lakini mchungaji wetu aliniomba, na nilishindwa kukataa. Kanisa lilikuwa limegawanyika kwa sababu ya gitaa la umeme. Kwaya ya zamani, ya mama yangu, ilisema gitaa ni la dansini. Kwaya mpya, ya mama mdogo, ilikuwa imeshalinunua. Ibadani hawa walikaa kushoto, wale kulia. Nyumbani kwetu Mchafukoge, ndugu hao wawili wa tumbo moja walikuwa wakipika pamoja uani tangu nikiwa mtoto. Sasa kila mmoja alikuwa na jiko lake, na walipishana kimya. Iliniuma. Nilitaka waongee tu, basi.

"Mchore Bwana akiwaosha wanafunzi miguu, pale ukutani mbele," mchungaji akaniambia. "Wakiona hivyo kila Jumapili watalainika."

Walainike wapi! Nilipomvika Petro kanzu ya buluu, kwaya ya zamani ikaja juu: buluu ni sare ya wale. Nikampa ya kijani. Wale wengine wakauliza kwa nini Petro amehamia upande wa pili. Nikampa nyeupe. Mzee mmoja wa kanisa akaitazama picha weee, halafu akasema huyo anayeoshwa amekaa upande wao, kwa hiyo wachafu ndio wao? Nilikuwa nimechoka na watu wa Mungu kuliko nilivyowahi kuchoka na wenye maduka.

Na usafi nao ulikuwa vituko. Kila Jumamosi kila kwaya ilitoa mtu mmoja, na kila mtu alipiga deki upande wake tu, akiishia kwenye ncha za mabenchi. Njia ya katikati haikuwa na mwenyewe, na vumbi lilijaa. Kwa kuwa hakuna aliyeigusa, kopo langu la rangi ya mafuta nililiweka hapo.

Jumamosi moja, mimi nikiwa juu ya ngazi nachora, zamu ikawaangukia mama na mama mdogo. Walideki wamepeana migongo, hata salamu hakuna. Mama alikuwa akirudi kinyumenyume, akalipiga kopo teke. Rangi ikamwagikia miguu yote miwili, kandambili zikateleza, akakaa chini kwa kishindo.

"Kopo gani linawekwa njiani?" akanifokea.

"Na wewe hapo ngazini unatazama nini?" mama mdogo akadakia. "Lete mafuta ya taa."

Nilishuka na chupa na kitambaa, nimefura kwa hasira, maana ile ndiyo rangi niliyokuwa nimebakiza. Mama akanyoosha mkono apokee. Mama mdogo akawahi kukichukua kitambaa. Akapiga magoti kwenye lile vumbi, akakilowesha, akaanza kusugua kati ya vidole.

"Nyanyua mguu, dada."

Mama akaunyanyua. Alikuwa analia.

"Taratibu. Hapo kisiginoni pana kidonda, hakitaki kupona."

"Ningejuaje, na wewe huniambii?"

"Si ndiyo nakwambia," mama akasema.