Salfa kwenye Mti wa Sebuleni

Nakumbuka siku niliyodanganya kwenye simu ya duka, kule Mikindani, na mpaka leo sijapona. Nakusimulia, mwanangu, kwa sababu juzi nimeona umeleta nyumbani mti wa kupandwa chunguni, ule ndugu wa mkuyu wenye majani mapana yaliyobanwa kiunoni kama zeze.

Nilikuwa msichana wa kazi kwa Bi Zarina, mke wa mwenye duka la vitambaa. Sebuleni kwake kulikuwa na mti kama huo. Aliupanda binti yake wa pekee, Nasrin, mwaka mmoja kabla hajafariki kwa uzazi. Mtoto naye hakuishi. Alichoacha Nasrin kikiwa hai ni mti ule tu, na mama yake aliufuta vumbi jani kwa jani kila Ijumaa.

Bi Zarina akaitwa Dar kutibiwa macho. "Somoe," aliniambia, "kikombe kimoja kwa wiki. Udongo ukiwa bado na unyevu, usimwagilie. Ukikwama, nipigie."

Mimi, binti wa mkulima wa korosho wa Nanyamba, nifundishwe mti? Nilicheka kimoyomoyo. Joto lilikuwa kali, nikauonea huruma, nikaumwagilia asubuhi na jioni. Majani yakatoka madoa ya kahawia. Kwetu mkorosho ukiugua ubwiriunga, ule ukungu mweupe wa majani, tunaupulizia dawa ya unga wa salfa. Basi nikaenda kwa baba, nikachota salfa, nikaunyunyizia mti wa watu ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Nyumba ikanuka, kifua kikanibana, majani yakaungua. Cheka, nakuruhusu, lakini kidogo tu.

Mwezi ule Bi Zarina alipiga simu dukani mara tatu. "Mti wangu haujambo?"

"Haujambo, Mama. Unang'aa."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Aliponiuliza mara ya kwanza majani saba yalikuwa bado mabichi. Ningesema kweli, angenielekeza niutoe kwenye tope na kukata mizizi iliyooza. Niliogopa. Aliporudi alikuta kijiti. Alikipapasa, akatia mkono udongoni, akautoa na matope yanayonuka.

"Kuzidisha maji hata mimi niliwahi," alisema polepole. "Lakini nilikuuliza, Somoe. Mara tatu nilikuuliza."

Hakunifukuza, na hilo ndilo lililonimaliza. Miaka minne nilipiga deki kuzunguka chungu kitupu, naye hakutaka kipandwe mti mwingine. Akafariki, nami sijamwomba radhi. Kila nilipofungua kinywa niliona aibu, nikasema kesho. Nimelia sana, mwanangu, na kilio hakijaotesha hata jani moja.

Basi sikiliza. Mti wako uweke karibu na dirisha penye mwanga, ila jua la mchana lisiuchome. Chungu kiwe na tundu chini. Tia kidole udongoni kabla hujatia maji, na usiuhamishehamishe. Ukiona doa, uliza, kuuliza si ujinga. Na ukiharibu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja, na sasa ninayo, hakuna wa kumwambia.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi mkweli, na kila utakayemkosea umkute bado yu hai. Amina.