Vidonge vya Fizi na Mchoro wa Muuzaji

Mwakilishi wa kampuni ya dawa alipokuja kituoni kwetu Same, mganga mfawidhi alitukusanya kana kwamba anakuja askofu. Mimi ni tabibu wa meno. Siku zangu zinaishia kukwangua ugaga, ule uchafu unaoganda kwenye meno. Yule bwana aligawa vipeperushi vinavyong'aa. Antibiotiki yake, alisema, inaponya ugonjwa wa fizi, na utafiti umethibitisha.

"Utafiti wenyewe uko wapi?" nikauliza.

"Si huo hapo, daktari," akasema, akigonga kwa kalamu mchoro uliokuwa kwenye kipeperushi.

Nikamwambia huo ni mchoro, nataka ripoti nzima ya utafiti. Alicheka. Siku chache baadaye alinitumia ripoti hiyo kwenye simu, nadhani akiamini sitasoma.

Nilisoma mara mbili. Waliomeza vidonge walikuwa wamesafishwa meno kwanza, mpaka chini ya fizi. Wale wa kulinganishwa nao hawakuguswa kabisa. Sasa kilichoponya ni kidonge au kukwanguliwa? Walioacha kurudi kliniki hawakuhesabiwa. Mwanafunzi wa sekondari angeona haya kumpelekea mwalimu upuuzi ule.

Wiki hiyo hiyo akateremka mama mmoja kutoka Mhezi, kijiji cha milimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fizi zinavuja damu. Nimemeza dozi tatu za duka la dawa. Fizi zinatulia, kisha zinavuja tena."

"Kuna aliyekuangalia mdomoni?"

"Nani aangalie? Wanauliza tu, wananipa."

Ugaga ulikuwa umeganda nyuma ya meno ya chini kama saruji. Nilimkwangua asubuhi nzima, nikamwonyesha namna ya kupiga mswaki. Mwezi uliofuata alirudi, damu imekoma. Mgonjwa mmoja si ushahidi, najua. Ndiyo tofauti yangu na yule bwana.

Nikaenda kwa mganga mfawidhi na ile ripoti, niliyoichapisha kwenye karatasi na kuichora mistari. Nikamweleza kwamba wapo wachache wanaohitaji antibiotiki, tena pamoja na kusafishwa, si badala yake, na kwamba tukizigawa ovyo tutazalisha usugu, vijidudu visisikie tena dawa.

Hakuigusa karatasi. "Lakini ile ni kampuni kubwa," akasema.

Mtu aliyesoma udaktari miaka yote ile! Nilimtazama nikakosa hata hasira. Nilibaki na dharau tupu. Vidonge vikaagizwa, vikajaza kabati zima. Wenzangu wanaviandika. Mimi nawaambia wagonjwa wakae kwenye kiti, wafungue mdomo.