Mama Mudogo Alionya

Kiingereza nilijifunzia mtaa wa Kimemi, mjini kwetu Butembo, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Kwetu ni Wakatoliki, na mama hakupenda nipite mlango ule. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nijue Kiingereza. Aliuza sokoni samaki waliotoka ziwani, Kyavinyonge, na alikuwa akiwaona wenzake wanaokwenda Kampala kununua vitambaa wakipunjwa kwa sababu ya kukosa lugha.

"Kifaransa ni ya bureau," aliniambia, yaani ya ofisi. "Kiingereza ni ya chakula."

Mwalimu wetu alikuwa ameishi Uganda miaka mingi. Hakutuanzisha na majina ya vitu. Alisema mtu asiyejua jina la kitu atakionyesha kwa kidole, lakini asiyejua namna ya kusema atagombana na watu. Basi akaandika ubaoni vitenzi "say", "tell", "inform", "warn", akatufanya tuvitaje kwa sauti mpaka wanakwaya wa chumba cha pili wakaja kulalamika. Kisha akauliza tofauti ni nini. Tukamjibu kwamba vyote ni kusema tu.

"Hapana," akasema. "'Tell' ni kumuambia mutu. 'Inform' ni kumupa habari. Mais 'warn' ni kuonya. Unamuambia mubaya inakuja, mbele ifike. Ukishamuonya, ikifika, hawezi tena kusema hakujua."

Vitenzi vya kuelewa vilitushinda zaidi. Katika Kiswahili chetu, kusikia kunabeba karibu kila kitu: nasikia njaa, nasikia Kinande, lugha ya kwetu, nasikia huruma, nasikia unachosema. Mwalimu akatuambia kwamba kwa Waingereza sikio na akili ni nyumba mbili. Mtu anaweza kukwambia "I hear you", na bado hajakubali hata neno moja. Tulicheka sana siku hiyo.

Baadaye nikapata kazi katika mji wa Beni, ya kutafsiri katika shirika moja la wageni lililokusanya habari za watu waliokimbia mauaji vijijini mwao. Nikaacha sweta yangu ya Butembo nyumbani, nikazoea joto. Mkubwa wangu alikuwa mama wa kigeni, mpole, aliyejifunza kushukuru kwa Kinande. Watu walimpenda kwa hilo. Mimi pia nilimpenda.

Siku moja tulikuwa katika shule ya msingi iliyojaa wakimbizi. Mlango ukafunguliwa, akaingia mdogo wake mama yangu, mama mudogo. Habari yake niliijua tayari. Mume wake alikuwa ameuawa katika shamba lao la kakao, na tulikuwa tumemlilia Butembo pamoja. Nikamwambia mkubwa wangu kwamba huyu ni ndugu yangu, atafutwe mkalimani mwingine. Akasema mwingine ni mgonjwa, ila hatanilazimisha. Mama mudogo akauliza tunaongea nini. Nilipomweleza akavuta kiti.

"Afazali weye," akasema. "Weye utasema vile nasema."

Akasema. Alikuwa amekwenda kuchota maji, akaona majivu ya moto katikati ya mikakao yao, na nyayo za watu wengi, na wanaume asiowajua wameketi ng'ambo ya kijito. Hakukimbilia nyumbani. Alishika njia mpaka kwenye kizuizi cha askari barabarani.

"Nikabaambia: bale batu si ba huku, batatuua. Nikarudilia. Nikabaonyesha na mukono njia yenye banaweza kupitia. Bakaniambia: mama, rudi nyumbani, tumesikia. Donc nikarudi, tukalala. Asubui bwana yangu akaenda kukata kakao."

Nilitafsiri kifo cha baba mudogo bila kukosa neno. Nilikwama kwenye lile "tumesikia". Kwanza nilisema askari walijibu kwamba wamesikia kwa masikio, halafu nikajirekebisha, nikasema walijibu kwamba wameelewa. Mkubwa wangu akainua kalamu, akauliza ni lipi kati ya hayo mawili. Nikamuuliza mama mudogo.

"Ni ile ile," akasema. "Tumesikia."

Mwishoni alimtazama yule mgeni, akaniuliza mimi: "Na huyu, amesikia?"

Mgeni aliweka mkono kifuani, akasema "I understand". Macho yake yalikuwa na machozi, sitamsingizia. Nikatafuta neno lingine la kumpa mama mudogo. Sikulipata.

"Anasema amesikia," nikamwambia.

Niliona uso wake ukijifunga. Akasimama, akakung'uta kitenge chake, akatoka bila kuaga.

Ripoti ilipoandikwa, waliniletea niangalie kama majina ya vijiji yameandikwa sawa. Nikafika mahali pa habari ya mama mudogo. Mimi nilikuwa nimetafsiri kwamba aliwaonya askari. Pale iliandikwa kwamba mwanamke mmoja wa eneo hilo "shared her concerns", yaani aliwashirikisha wasiwasi wake. Nikasoma tena, nikidhani nimeruka mstari. Nikaenda ofisini kwa mkubwa wangu, nikamwambia kitenzi si hicho, kitenzi ni "warn".

Akanipa kiti. Akanieleza taratibu kwamba "warn" ni neno linaloshtaki, na hawana shahidi wa pili. Tena magari ya msaada yanapita kwenye vizuizi vile vile, na wakubwa wa pale watasoma.

"Maana yake inakaribiana," akasema.

"Haikaribiani," nikamjibu. "Mwenye wasiwasi ni mtu aliyeota ndoto mbaya. Huyu aliona, akatembea, akasema, akarudia kusema."

Akanitazama kwa huruma, kisha akasema polepole, "I hear you."

Ripoti ikatoka vile vile.

Mama mudogo alikuwa amepewa chumba na watu wa kanisa, pale pale Beni. Nilikwenda mimi mwenyewe kumwambia, kwa sababu alikuwa akingoja. Kila alipoona gari jeupe alifikiri wamekuja kuuliza wale askari walifanya nini na habari aliyowapelekea. Nilimkuta akichambua maharage. Nikamweleza neno lililoandikwa.

"Wasiwasi?" akauliza. "Sema na Kinande, nisikie muzuri."

Nikajaribu. Kila neno nililolipata lilimfanya awe mwanamke mwoga anayesumbua watu. Akaniacha nihangaike, kisha akanikatiza.

"Miye niliacha ndoo yangu ya maji kwa njia, nikaenda kubaambia. Sasa nakuwa mutu wa wasiwasi." Akarudi kwenye maharage yake. "Kula mbele urudi, kazi yako isikupite."

Nilikula. Kisha nikarudi kazini.

Mkataba wangu ulipoisha sikuomba mwingine. Nikarudi Butembo, ninamsaidia mama sokoni. Mama mudogo naye alirudi shambani kwake, ingawa tulimkataza sote, kwa kuwa kakao ilikuwa ikioza mitini na hakuwa na kitu kingine cha kumlisha.

Msimu uliopita nilikwenda kumsaidia kuvuna. Likaja gari la shirika jingine: mgeni mmoja na mkalimani, binti ambaye kwa lafudhi nilimjua kuwa wa kwetu Butembo. Wakasalimu vizuri. Binti akaeleza kwamba wangependa kusikia yaliyompata mama.

Mama mudogo alikuwa ameketi chini akipasua kakao. Hakuinua kichwa.

"Umuambie," akasema, "miye hapana jua Swahili."

Alikuwa ameyasema hayo kwa Kiswahili. Binti alinitazama, nikatazama pembeni. Kisha akamgeukia mgeni wake, akamwambia kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba mama amechoka, hataweza kuongea leo. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akasema anaelewa.

Wakarudi garini. Mama mudogo akachukua kakao nyingine, akaipiga kwa ubapa wa panga, akaanza kutoa mbegu zake.