Nilisema ni mashine iliyomwokoa binti yangu, halafu nikaitwa kusimama na kusema Nasadiki

Wakuu, salamu kutoka Nakuru, ambako asubuhi hii ukungu umekataa kuondoka na mimi nimekataa kutoka kitandani.

Ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Kwanza mnijue. Kazi yangu ni kupima joto la visima vya mvuke kule Menengai. Tunashusha kipimo kwa waya, namba zinapanda kwenye skrini, nami naandika. Nilibatizwa nikiwa mtoto, nikapata kipaimara, halafu chuo kikanifunza kuuliza maswali na Jumapili zangu zikawa za kufua nguo na kutazama mpira. Sikugombana na Mungu. Tulipoteana tu polepole, kama majirani waliohamia mitaa tofauti.

Kisha Nafula akazaliwa kabla ya wakati wake.

Alikuwa mdogo kiasi kwamba soksi ya kawaida ya mtoto ilimfika kiunoni. Wakamlaza kwenye incubator, ile mashine ya kumtunzia mtoto joto, na sisi tukaanza maisha ya kukaa nje ya kioo.

Nakumbuka chumba kile kama ndoto ya mchana. Mwanga wa samawati. Mashine zikinong'ona. Akina mama wakitembea na slippers bila kelele, kana kwamba sakafu nayo ilikuwa imelala. Nikitoka shift nilienda moja kwa moja, nguo bado zinanuka kiberiti cha chini ya ardhi, nakaa na kuangalia namba moja tu: joto la mtoto.

Kuna nyakati sikujua niko wapi, juu ya kisima au mbele ya kioo. Mvuke wa kule na pumzi ya hapa vilichanganyika kichwani.

Upande wa pili wa benchi alikaa mama mkwe wangu, aliyekuwa akitoka kwake Bahati, nje ya mji, na rozari yake. Mimi nasoma namba, yeye anasogeza shanga. Hatukusemezana sana, lakini nilipenda awe pale. Hilo sikuwahi kumwambia.

Mtoto akapona. Tukarudi nyumbani.

Sasa kwa ambao si Wakatoliki: jumuiya ni majirani wachache wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao, wanasoma Injili, wanaombeana, wanakunywa chai. Kama jumuiya haikujui, mtoto wako habatizwi kirahisi. Kwa hiyo mke wangu Rose akaikaribisha kwetu, tumshukuru Mungu.

Mama mkwe akasimama kutoa ushuhuda.

"Ni Mungu peke yake," alisema. "Si daktari, si dawa, si mashine. Mungu peke yake!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nikawakumbuka wale manesi wa hospitali, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na mdomo ukanitangulia.

"Lakini Mama, na ile incubator? Stima ingepotea na jenereta ikatae, saa hii tungekuwa tunakula mandazi hapa?"

Mwenyekiti wa jumuiya akakoroga chai iliyokuwa imekorogwa kitambo.

Mama aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kwa hivyo mimi nilikuwa nafanya nini pale, Baba Nafula? Nilikuwa napoteza tu wakati?"

Akachukua mkoba wake, akarudi Bahati.

Wageni walipoondoka Rose akaniambia, "Pasaka mtoto anabatizwa. Utasimama pale mbele useme Nasadiki, ama hiyo pia tutaachia mashine iseme?"

Wakuu, hapo ndipo nilipokwama. Katika ubatizo wa mtoto, padre huwauliza wazazi na wasimamizi kama wanasadiki, na wanajibu kwa sauti kanisa zima likisikia. Nikikataa kusimama, nimemwaibisha Rose na mama yake simpati tena. Nikijibu bila kuamini, basi maneno ya kwanza binti yangu kuyasikia kutoka kwangu kanisani yatakuwa uongo. Niliogopa yote mawili, na usingizi ukawa wa shida.

Wiki hizo vijana wa kazini wakamwalika padre wa parokia abariki mtambo mpya wa kuchimba. Ni desturi yetu kule juu. Hata wale wasioenda kanisani huvua helmeti. Padre huyu ni kijana bado, amerudi juzi kutoka masomoni ng'ambo, na alichosomea ni hayo hayo ya imani na akili.

Ukungu ulikuwa mzito asubuhi hiyo, huwezi kujua mvuke unaishia wapi na wingu linaanzia wapi. Maji ya baraka yalipogusa bomba la moto yakafanya "chss" na kupotea. Watu wakacheka, padre pia akacheka.

Baadaye tukakaa kwenye kibanda cha chai nikamweleza kila kitu. Akanyanyua kikombe.

"Hii chai nani amechemsha?"

"Mama Brayo, yule pale."

"Na moto?"

"Moto pia, Padre."

"Ukisema ni moto, Mama Brayo umemnyima kitu? Na ukimshukuru yeye, umeuonea moto?"

Akaendelea kwamba mimi na mama mkwe tulikuwa na kosa moja: tulimfanya Mungu fundi mmojawapo kwenye foleni, mashine ikipata sifa basi Yeye anapunguziwa.

"Kanisa halijakuambia uache akili nje ya mlango," alisema. "Ukiiacha nje, huko ndani utasadiki ukitumia nini?"

Nikambishia. "Lakini Mama Brayo namwona, Padre. Hata leso yake naiona. Mungu simwoni."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Hapo umenishika. Mfano wangu unafika hapo unachoka."

Kisha akawa serious. "Kama hujasadiki, usijibu. Uongo mbele ya altare sitaki. Rose atajibu, wasimamizi watajibu. Lakini simama na mtoto wako."

Nilitoka pale mwepesi kidogo, ila Mama bado alikuwa Bahati.

Alirudi Pasaka ilipokaribia, kumsaidia Rose na mtoto. Mimi aliniamkia vizuri, kama mtu anavyomwamkia karani. Jioni tukaenda wote jumuiya kwa jirani. Wakati wa maombi kila mtu anasema lake, na Mama akasema lake macho yamefungwa.

"Ee Mungu, tunaombea ile mashine alilala mtoto wetu. Saa hii kuna mtoto wa mtu amelala ndani. Stima isipotee. Na fundi anaitengeneza, mpe macho mazuri. Ee Bwana."

"Utusikie," tukajibu.

Nasema tukajibu kwa sababu nilisikia sauti yangu humo ndani. Ilishatoka kabla sijaikagua. Nililia, wakuu, mtu mzima, na kitambaa sikuwa nacho.

Siku ya ubatizo nilisimama. Kanisa lilijaa moshi wa ubani, taa zikaonekana mbali, nikahisi naelea. Padre akauliza swali la kwanza.

"Nasadiki," akajibu Rose. Wasimamizi wakajibu. Mimi midomo ilishikana.

Nyuma ya bega langu nikasikia sauti moja ikijibu mara mbili. "Nasadiki. Nasadiki."

Swali la pili, vivyo hivyo. La tatu pia. Nikageuka. Ni Mama, macho mbele, kana kwamba hanijui.

"Moja ni yako," akaninong'oneza. "Nakushikia tu. Utakuja kuichukua."

Nilichojifunza? Kwamba nilikuwa sahihi kuhusu incubator na bado sikuwa nimeelewa kitu. Akili yangu sijaiacha, na hakuna aliyeniomba niiache. Ila nilidhani imani ni mtihani ambao kila mtu anafanya peke yake kwenye dawati lake.

Mnaosadiki na msiosadiki, uwanja ni wenu, nichaneni mnavyotaka, nitasoma zote. Mimi kuichukua Nasadiki yangu kwa Mama bado sijaenda. Lakini najua iko kwa nani.