Mkeka wa Mawe ya Tochi

Mume wangu alikuwa akilinda muhogo usiliwe na nguruwe, na kwa kazi hiyo akanunua tochi. Mawe yake, betri mnayaita siku hizi, yakiisha nguvu aliyaanika juani, yakawaka siku mbili zaidi, kisha akayatupa nyuma ya choo. Mimi nikayaokota. Ndani mna unga mweusi ti, nami nilikuwa msukaji. Nikayapasua, nikachemsha miyaa, yale makuti ya kusukia, na unga ule, nikasuka mkeka wenye mistari ambayo Msambweni nzima hakuna aliyekuwa nayo. Nikamlaza mwanangu wa kwanza juu yake. Alikuwa anaota meno.

Wiki ile ile akaanza kutapika na kuharisha. Nikamfungua mdomo: fizi nyeusi.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenishikia mtoto nikienda kisimani. Yeye hakujaliwa kuzaa. Basi nikayaunganisha mambo mwenyewe.

"Umempaka nini mwanangu?"

"Nimpake nini mie, wifi? Masizi?"

"Wewe ndiye ujuaye. Usimguse tena."

"Haya. Ukichoka, mtoto mgongoni na mtungi kichwani, utaniita."

Sikumwita. Lakini weusi haukuondoka, na mtoto alizidi kulegea. Nikasema huyu huingia mimi nikiwa uani. Nikamwaga jivu kizingitini nione nyayo. Asubuhi mbili nikatazama, nikakuta nyayo zangu tu. Hata hapo sikuridhika, nilidhani karuka.

Siku ya tatu akaja mwenyewe, akasimama nje ya lile jivu.

"Hodi. Siingii, usiogope. Hebu mtazame mwanao."

Nikageuka. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi karibu na mlango, ananyonya ukingo wa mkeka, na udende unamtoka mweusi. Wifi akainama pale mlangoni, akalowesha kidole kwa mate, akausugua mstari wangu mzuri, akaninyoshea kidole kile, kimekuwa cheusi.

"Uchawi huu nani kausuka?"

Nilimwosha mtoto mdomo, nikaukunja mkeka. Mawe yaliyobaki, na yale niliyoyapasua, nikayatia ndani ya debe lenye kifuniko. Nyuma ya choo sikuyarudisha, maana maji ya mvua ya pale huteremkia kisimani. Mume wangu akachimba shimo refu juu kwenye kichanga kikavu, akalifukia debe na mkeka pamoja. Kama ndipo palipofaa, sijui. Waliotuuzia mawe hawakutuambia yakifa yazikwe wapi, na mpaka leo mtu aniuzaye kitu asiniambie mwisho wake, namtilia shaka.

Mtoto alipoanza kunyonya vizuri tena, nilikwenda kwa wifi na mtungi wangu.

"Nishikie mtoto, naenda kisimani."

Hakumpokea. Kwanza alinyosha viganja vyake viwili, akavigeuza huku na huku.

"Vikague."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikavikagua. Kisha nikampa.