Mama Wawili wa Kaka Yangu

Wazazi wangu walipokimbilia Tanzania, kaka yangu, wakati huo bado mtoto mdogo, alipotea njiani, akabaki kijijini kwetu Mwakiro, mkoani Muyinga. Jirani yetu, mwanamke wa kabila walilolikimbia, alimficha na kumlea. Mimi nilizaliwa kambini, ambako wakubwa walitufundisha kuwachukia watu wa kabila lake kabla hatujamwona hata mmoja.

Amani ilipokuja tukarudi Mwakiro. Kaka alimsalimia mama yangu kwa adabu, kama mgeni, lakini yule jirani ndiye aliyemwita mama. Wivu ulinichoma. Kila jioni Kaka alipita mbele ya mlango wetu akienda kula kwa yule jirani, nami nilijiambia kwamba watu hawa wametunyang'anya hata ndugu.

Kaka alioa msichana wa mtaa wa Yoba, mjini Gitega. Siku ya harusi wakwe waliuliza mama wa bwana harusi ni nani, apewe kiti cha mbele. Mama yangu akamshika jirani mkono, akamkalisha pale.

Nikamnong'oneza, "Mama, hicho kiti ni chako."

"Mi nilimzaa, huyu alimlea," akajibu. "Nenda uniletee kingine."

Nilikileta nimenuna. Wakakaa bega kwa bega, wakanywa pombe ya mtama kutoka kibuyu kimoja. Kaka akawapigia magoti wote wawili, na kwa mara ya kwanza akamwita mama yangu mama.

Wivu haukuniisha siku ile, na bado upo. Ila mtu akianza maneno ya kambini mbele ya wanangu, namwomba anyamaze.