Fundi Aliyekalia Keria Zake

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchomeleaji, na mtaa mzima ulimwita Mizani. Kazi yake kubwa ilikuwa keria za baiskeli, zile za kufungwa nyuma ya matela ya kulala, ya watu wanaosafiri na kitanda na jiko lao. Vipimo vya karatasi hakuvitaka. Akimaliza kuchomelea, alipanda juu ya keria, akaketi, akajirusharusha mwili mzima, na mwili alikuwa nao kwelikweli. Chuma kisipolia, alishuka akasema, "Imekubali." Hapo ndipo mimi nilipopaka rangi. Nikithubutu kupaka kabla, alinisema mpaka jioni, na mimi nikisemwa sinyamazi.

Halafu akaanza kukonda. Kwanza tulimtania kwamba mkewe amefunga jiko. Mkewe hakucheka. Suruali akawa anaikaza kwa kamba, na ukimuuliza anajibu ni joto la karakana. Hospitali alikwenda, akarudi na dawa na mdomo uliofungwa. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akawasha grenda asinisikie.

Ndipo akaja mwalimu mstaafu na tela lake. Alikuwa na baiskeli mbili za betri, yake na ya mkewe, nzito ajabu. Ukiinua moja, mgongo unakukumbusha umri wako. Kaka akaichomelea keria kwenye bampa ya tela, akapanda, akajirusha. Kimya.

"Imekubali," akasema.

Mwalimu akafurahi. Akatueleza kwamba barabarani binti yake atawafuata nyuma na gari lake, amepakia wajukuu. Nilimtazama kaka pale juu, miguu inaning'inia kama nguo kwenye kamba. Baiskeli zile mbili zilimzidi uzito. Keria haikulia kwa sababu haikuwa imebebeshwa kitu.

"Kaka, panda tena. Safari hii upakate mfuko wa saruji."

"Wa nini?"

"Umepungua."

"Mdogo wangu, mbele ya mteja?"

"Mbele ya mteja. Zikidondoka, zinawadondokea wajukuu zake."

Nilidhani atanirushia nyundo. Alinitazama tu, kisha akanyoosha mikono. Mimi na mwalimu tukamwekea mfuko mapajani. Alijirusha mara moja, bampa ikapasuka palepale ilipoungwa, kaka na saruji wakaenda chini.

Mwalimu akakimbia kumwinua, kaka akaukataa mkono wake. Alikaa kwenye vumbi lile akalia, mtu mzima, bila kujificha. "Nimekwisha," akasema. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu hivyo, hata mkewe. Nilikaa pembeni yake nikalia naye. Sijuti kwamba nilisema, ila iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Kesho yake alianza upya. Bampa aliiacha, vyuma alivipitisha chini ya tela mpaka kwenye chasisi yenyewe, akichomelea kidogo na kupumzika sana. Alipomaliza alipanda, akapigapiga nafasi ubavuni pake.

"Njoo ukae. Wewe na mimi tutapata mtu mmoja wa maana."

Nikapanda. Mwalimu naye akapanda. Tukajirusha watu wazima watatu, mkewe kaka akatucheka kutoka mlangoni, na chuma hakikulia. Kaka alinigeukia kwanza mimi, kuona kama nina neno. Sikuwa nalo.

"Imekubali," akasema. Hakuchomelea keria nyingine.

Mwalimu alirudi salama, yeye na baiskeli na wajukuu. Alikuja kushukuru na kikapu cha matunda, akakuta viti vimepangwa nje na watu wamekuja kumzika kaka. Aliomba awe mmoja wa wabebaji. Akainama, akajikaza kama mtu anayeinua ile baiskeli yake, na jeneza likapanda upesi kuliko alivyotarajia. Akanitazama.

"Ndivyo alivyokuwa, mwalimu," nikamwambia. "Twende."